Mali ya wizi ikivuka mpaka: namna Ulaya inavyotafuta ushahidi na kutwaa mali ya uhalifu

Mwezi wa saba mwaka 2009, serikali ya Uswisi ilifungua akaunti zilizokuwa zimezuiliwa kwa miaka kumi na miwili. Ndani yake mlikuwa franka za Uswisi karibu milioni 7.7. Zilikuwa pesa za Mobutu Sese Seko, au tuseme kile kidogo cha pesa zake kilichoonekana huko, pamoja na bei ya jumba lake la Savigny, karibu na Lausanne, lililouzwa mwaka 2001. Pesa hizo hazikurudi Kongo. Walipewa warithi wake.

Wakongomani wengi waliposikia habari hiyo walisema kwamba Wazungu wamekula pamoja na wezi. Na sisi tulikuwa kati ya hao waliosema hivyo. Lakini mtu akiifuata kesi hiyo hatua kwa hatua, anakuta jambo lingine ambalo linatuumiza zaidi. Uswisi ilizuia mali hiyo mwaka 1997, Mobutu alipoanguka. Ili mali itoke kwa mtu na kurudi kwa taifa, Waswisi walihitaji vitu viwili kutoka Kinshasa: kesi ya jinai iliyofunguliwa kweli, na ushahidi wa kuunganisha pesa hizo na uhalifu unaotajwa. Vitu hivyo havikufika namna ilivyotakiwa. Serikali ya Bern iliongeza muda wa kuzuia mara kadhaa, hata kwa kutumia mamlaka ya pekee iliyo katika katiba yao. Mwaka 2009 yalipelekwa malalamiko ya mwisho kwa mwendesha mashtaka wa shirikisho la Uswisi. Akakataa kufungua kesi kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umekwisha kupita, na mahakama ya shirikisho huko Bellinzona haikugeuza uamuzi huo. Wakati huo mmoja wa watoto wa Mobutu alikuwa naibu waziri mkuu katika serikali yetu.

Katika mafunzo yetu juu ya haki na amani, waamini wanauliza mara nyingi: kwa nini mali ya wizi inayoonekana kwa macho, yenye anwani na namba ya mlango, haiwezi kuchukuliwa tu? Makala hii inaeleza namna nchi za Ulaya zinavyofanya kati yao, halafu namna mambo yanavyokuwa mali inapotoka kwetu.

Mkono wa hakimu unaishia mpakani

Kila nchi ina mahakimu wake, na uwezo wao unasimama mahali nchi inaposimama. Hakimu wa Goma hawezi kutuma polisi wake kupekua nyumba Gisenyi, hata kama anaiona nyumba hiyo kutoka dirishani mwake. Mwizi yeye anavuka na vitu vyake kwa miguu. Hiyo ndiyo shida yote, na Ulaya ilikuwa nayo kama sisi, hata kuzidi, sababu kule watu, pesa na mizigo vinapita kati ya nchi nyingi bila kizuizi barabarani.

Njia ya zamani ilikuwa barua ya maombi ya kimahakama. Hakimu anaandika, barua inapanda kwenye wizara ya sheria, mara nyingi inapita kwa mabalozi, inashuka katika wizara ya nchi nyingine, mpaka inafika kwa hakimu wa huko. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1959 juu ya kusaidiana katika mambo ya jinai uliitengeneza njia hiyo, na mpaka leo unatumika. Lakini haukuwa na muda wa lazima wa kujibu. Aliyeombwa aliweza kujibu baada ya mwaka, au asijibu kabisa.

Mwezi wa kumi mwaka 1999, viongozi wa Umoja wa Ulaya walikutana Tampere, nchini Finlandi, wakakubaliana kwamba msingi wa kazi ya mahakama kati yao utakuwa kutambuliana. Maana yake ni kwamba uamuzi wa hakimu wa nchi moja unapokelewa na hakimu wa nchi nyingine karibu kama uamuzi wa ndugu yake wa nyumba moja, bila kuupitisha kwa wanasiasa. Kutoka katika neno hilo ndipo zilipozaliwa hati ya kukamata watu ya Ulaya, halafu agizo la kutafuta ushahidi, halafu hati za kuzuia na kutwaa mali.

Agizo la Uchunguzi la Ulaya

Agizo hilo liliwekwa na Mwongozo namba 2014/41 wa tarehe 3 Aprili 2014, na nchi zilipaswa kuliingiza katika sheria zao kabla ya tarehe 22 Mei 2017. Denmark na Ireland hazimo.

Tuseme hakimu mchunguzi wa Liège, nchini Ubelgiji, anafuata mtu anayedhaniwa kuwa amekula pesa za watu kwa udanganyifu, na akaunti ya mtu huyo iko Lisbon. Hakimu anajaza fomu moja, ileile kwa nchi zote. Anaandika ni kosa gani, ni ushahidi gani anautafuta, na kwa nini. Fomu inatafsiriwa katika lugha inayokubaliwa na nchi inayoombwa, inatumwa moja kwa moja kwa ofisi ya haki ya huko. Wareno wana siku 30 za kuamua kama wanalitambua agizo, halafu siku 90 za kulitekeleza. Muda huo unaweza kuongezwa kwa sababu zinazoelezwa, lakini kunyamaza hakuruhusiwi. Kwa agizo hilo mtu anaweza kuomba hesabu za benki, kusikilizwa kwa shahidi kwa njia ya video, upekuzi wa nyumba, hata kusikiliza simu.

Mwenye kutoa agizo ni hakimu, mahakama au mwendesha mashtaka. Kama ni polisi au ofisi nyingine ya uchunguzi, lazima mmoja wa hao alithibitishe kwanza. Anapaswa pia kupima mambo mawili: je, kitu hiki ni cha lazima na kinalingana na uzito wa kosa? Na je, sheria ya nchi yangu ingeniruhusu kukifanya hapa kwetu katika kesi kama hii? Hakimu wa Liège hawezi kuomba Lisbon kile ambacho sheria ya Ubelgiji inamkataza kufanya Ubelgiji. Hapo mlango mmoja wa hila umefungwa.

Nchi inayoombwa inaweza kukataa, lakini kwa sababu zilizoandikwa: mtu ana kinga ya kisheria, usalama wa taifa unaguswa, mtu amekwisha kuhukumiwa kwa jambo lilelile, au kuna sababu za kweli za kuamini kwamba haki za msingi zitavunjwa. Tena, mshtakiwa mwenyewe, kupitia avoka wake, anaweza kuomba agizo litolewe ili apate ushahidi wa kumtetea ulio nchi nyingine. Watu wengi hawalijui hilo. Ushahidi wa kumwokoa mtu pia unavuka mpaka.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyo Luxembourg, imeyatia maneno hayo nguvu. Tarehe 11 Novemba 2021 iliamua katika kesi iliyotoka Bulgaria kwamba nchi ambayo sheria yake haimpi mtu njia ya kulalamika dhidi ya agizo la kupekua nyumba yake au kuchukua vitu vyake, nchi hiyo haina ruhusa ya kutuma agizo la namna hiyo. Yaani, kuaminiana kunadai kwanza kwamba mnyonge awe na mlango wa kubisha.

Kesi kubwa zaidi ilikuwa ya simu za EncroChat. Zilikuwa simu za siri, ambazo ujumbe wake haukuweza kusomwa na mtu wa nje, na mashini zake kubwa zilikuwa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 2020 wachunguzi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia ndani yake na kusoma ujumbe wa watumiaji katika nchi nyingi. Mwezi wa sita mwaka 2023 Europol, ofisi ya polisi ya Umoja wa Ulaya, ilitangaza kwamba kutokana na kazi hiyo watu 6,558 walikamatwa ulimwenguni, na karibu euro milioni 900 zilichukuliwa au kuzuiliwa. Waendesha mashtaka wa Ujerumani waliomba ujumbe huo kwa Agizo la Uchunguzi, na maavoka wakauliza kama ni halali. Tarehe 30 Aprili 2024 mahakama ya Luxembourg ikajibu: mwendesha mashtaka anaweza kuomba ushahidi ambao nchi nyingine imekwisha kuupata, ikiwa sheria ya kwao ingemruhusu kuupokea katika kesi ya ndani. Lakini kama mshtakiwa hana uwezo wa kusema neno la maana juu ya ushahidi huo, na ushahidi huo ndio unaoelekea kubeba kesi, hakimu lazima auweke kando.

Kuzuia si kutwaa

Maneno haya mawili yanachanganywa sana, hata na waandishi wa habari. Kuzuia ni kufunga mlango wa muda: nyumba haiuzwi, akaunti haitolewi pesa, lakini mwenye mali bado ni yuleyule. Kutwaa ni mwisho: mahakama inamwondolea mtu mali hiyo kabisa. Pesa za Mobutu zilizuiliwa kwa miaka kumi na miwili. Hazikutwaliwa hata siku moja.

Fikra ya kumfuata mhalifu kwa njia ya mali yake ilikomaa Italia, na ilikomaa kwa damu. Mbunge Pio La Torre, mtoto wa maskini wa Palermo, alipendekeza sheria ya kuwanyang'anya watu wa mafia mali wasizoweza kueleza zimetoka wapi. Akauawa Palermo tarehe 30 Aprili 1982. Tarehe 3 Septemba mwaka uleule akauawa jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa, aliyetumwa huko kama mkuu wa serikali wa jimbo. Siku kumi baadaye bunge likapitisha sheria yenye jina la La Torre. Mafia walikuwa wamezoea jela, sababu jela haikugusa shamba wala nyumba wala biashara. Sheria hiyo iligusa.

Mwaka 1996 Italia iliongeza jambo lingine ambalo sisi watu wa kanisa tunapaswa kulijua. Padri Luigi Ciotti na chama cha Libera walikusanya sahihi karibu milioni moja wakiomba mali zilizotwaliwa zirudi kutumikia watu. Sheria namba 109 ya mwaka huo ilikubali. Leo kuna mashamba ya Sisilia yaliyokuwa ya wakubwa wa mafia ambapo vyama vya ushirika vinalima ngano na mizabibu. Mwaka huohuo wa 1996, Ireland iliunda ofisi ya pekee ya kufuata mali za wahalifu, baada ya kuuawa kwa mwandishi wa habari Veronica Guerin mwezi wa sita.

Sheria za Umoja wa Ulaya zimechukua mengi kutoka huko. Leo mahakama zinaweza kutwaa kitu chenyewe kilichotoka katika uhalifu, au thamani yake kama kitu kimefichwa au kimeliwa. Mtu akihukumiwa kwa makosa fulani mazito, mahakama inaweza kupanua mkono na kutwaa mali nyingine pia, ikiridhika kwamba zimetoka katika uhalifu. Moja ya dalili inazoziangalia ni hii: mali haina uwiano na mapato ya halali. Karani wa mshahara mdogo mwenye majumba matano ataulizwa, na jibu lake litapimwa.

Mwongozo mpya, namba 2024/1260, umekwenda mbali zaidi, na nchi zimepewa mpaka tarehe 23 Novemba 2026 kuuingiza katika sheria zao. Unataka mali iweze kutwaliwa hata pasipo hukumu juu ya mtu, ikiwa kesi ilianza lakini haikuweza kuendelea kwa sababu mshtakiwa ni mgonjwa, amekimbia, amekufa, au muda wa kisheria ulipita kesi ikiwa imefunguliwa, kama muda huo ulikuwa chini ya miaka kumi na mitano. Kifo na kupita kwa muda: Mobutu alikufa Rabat mwezi wa tisa mwaka 1997, na ni kupita kwa muda kulikofunga mlango Bellinzona. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, na sheria mpya hairudi nyuma. Hata hivyo tunaona kwamba waliotunga sheria walijua vizuri ni mashimo gani mali hupitia.

Na mali ikiwa nchi nyingine? Hapo inatumika Kanuni namba 2018/1805, iliyoanza kazi tarehe 19 Desemba 2020. Hati ya kuzuia inatumwa pamoja na cheti, na kukiwa na hatari kwamba mali itahamishwa upesi, nchi inayopokea inapaswa kuamua ndani ya saa 48, halafu kuchukua hatua ndani ya saa 48 nyingine. Kwa hati ya kutwaa, uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 45. Mali ya watu walioumizwa inarudishwa kwao kwanza. Kinachobaki, kama hakizidi euro 10,000, kinakaa katika nchi iliyotekeleza. Kikizidi, nusu inapelekwa kwa nchi iliyotuma hati.

Msomaji asidhani kwamba kwa hayo yote wezi wa Ulaya wamekuwa maskini. Europol ilihesabu kwamba kati ya miaka ya 2010 na 2014, katika Umoja wa Ulaya, asilimia 2.2 tu ya mapato ya uhalifu yaliyokadiriwa ndiyo yaliyozuiliwa, na asilimia 1.1 ndiyo yaliyotwaliwa mwishoni. Nchi tajiri, zenye kompyuta na polisi wanaolipwa, zilishika senti moja katika kila euro.

Shamba la Nabothi

Hapa lazima tuseme neno la tahadhari, sababu tunawajua waamini wanaofurahi mno wakisikia habari za kutwaa. Katika 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi halikuchukuliwa kwa rungu. Lilichukuliwa kwa utaratibu. Palikuwa na barua zenye muhuri wa mfalme, palikuwa na baraza la wazee, palikuwa na mashahidi wawili kama torati inavyodai. Kila karatasi ilikuwa mahali pake, isipokuwa ukweli. Ahabu akashuka kwenda kulitwaa.

Serikali yenye uwezo wa kutwaa mali bila hukumu inaweza kumtwalia mpinzani, mjane, au mfanyabiashara aliyekataa kutoa hongo. Ndiyo maana sheria za Ulaya zinadai mwenye mali ajulishwe, apewe sababu, apate avoka, aweze kupinga mbele ya mahakama. Mtu wa tatu aliyenunua nyumba kwa nia njema analindwa. Wapo maavoka wa kule wanaosema ulinzi huo bado hautoshi, hasa pale mtu anapolazimika kueleza utajiri wake huku upande wa mashtaka ukiwa na mzigo mwepesi kuliko katika kesi ya kawaida. Tunaona wana haki ya kuogopa. Lakini kwa nchi kama yetu, ambapo yule mwenye kula mali ya watu mara nyingi ndiye mwenye kushika muhuri, kungoja hukumu kamili ni kungoja siku isiyofika.

Mali ikitoka kwetu

Kongo haiwezi kutuma Agizo la Uchunguzi la Ulaya. Chombo hicho ni cha nchi za Umoja peke yake. Parke ya Kinshasa au ya Lubumbashi ikitaka hesabu ya benki iliyo Brussels, inarudi kwenye barua ya maombi, kwa msaada wa mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa wa mwaka 2003, ambao sura yake ya tano inazungumza juu ya kurudisha mali. Njia ipo, lakini inadai mwandishi. Barua isiyotaja kosa, tarehe, namba ya akaunti na sababu, hairudi na kitu.

Nyingine ni njia ya kesi kufunguliwa huko huko Ulaya. Ufaransa imeionyesha. Vyama viwili vya raia, Sherpa na Transparency International France, vililalamika juu ya mali za familia za viongozi wa Guinea ya Ikweta, Gabon na Kongo-Brazzaville. Ofisi za serikali hazikuwa na haraka. Lakini tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya juu ya Paris ilikubali kwamba chama cha kupinga rushwa kina haki ya kulalamika. Mwaka 2012 wachunguzi waliingia katika jumba la Teodorin Obiang, mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta, namba 42 ya avenue Foch. Nchi yake ilisema jumba ni la ubalozi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilikataa neno hilo tarehe 11 Desemba 2020. Hukumu ikawa ya mwisho tarehe 28 Julai 2021: kifungo cha miaka mitatu kilichosimamishwa, faini ya euro milioni 30, na kutwaliwa kwa mali. Wafaransa hawakungoja Malabo imshtaki mtoto wa rais, kwa sababu kosa waliloshtaki, la kuosha pesa chafu, lilikuwa limetendeka katika ardhi ya Ufaransa. Wiki moja baadaye, sheria ya tarehe 4 Agosti 2021 ikaamua kwamba pesa za mali kama hizo zirudi kwa wananchi wa nchi ilikotoka mali, kwa njia ya kazi za maendeleo.

Uswisi nayo ilijifunza. Sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Februari 2011 iliruhusu kutwaa mali za wakubwa hata pale ambapo mahakama za nchi yao zimeshindwa kufanya kazi, na tangu mwaka 2016 sheria pana zaidi imechukua nafasi yake. Kwa pesa za Mobutu ilikuwa imechelewa kwa mwaka mmoja na nusu hivi.

Kesi ya karibuni zaidi inatugusa moja kwa moja. Mwezi wa nane mwaka 2024, mwendesha mashtaka wa shirikisho la Uswisi aliihukumu kampuni ya Glencore International kwa kutochukua hatua za kutosha kuzuia rushwa iliyotolewa na mshirika wake wa biashara kwa afisa wa Kongo. Habari ilihusu hisa za Gécamines katika kampuni mbili za migodi, zilizouzwa mwaka 2011 chini sana ya thamani yake. Faini ilikuwa franka milioni 2, na juu yake dai la kulipa dola milioni 150, kiasi cha faida iliyopatikana. Kampuni haikukiri, lakini ilikubali kutokata rufaa. Uholanzi, iliyokuwa ikichunguza jambo hilohilo pamoja na Uswisi, ilifunga kesi yake baada ya uamuzi huo.

Dola milioni 150. Kwa kawaida ya sheria ya Uswisi, pesa kama hizo zinaingia katika hazina yao. Uswisi ina sheria ya mwaka 2004 inayoruhusu kugawana mali zilizotwaliwa na nchi ya kigeni iliyosaidia. Hapa tunarudi mahali tulipoanzia, kwenye meza ya Kinshasa yenye karatasi au isiyo na karatasi. Wakristo walio katika bunge, katika parke na katika wizara ya sheria wanaweza kuuliza swali hilo kwa jina lake na kwa namba yake.

Sadaka na mtu wa tatu

Jambo la mwisho linahusu makusanyiko yetu, ya hapa na ya ndugu zetu walio Brussels, Paris na Lyon.

Sheria ya Ulaya inaruhusu kutwaa mali iliyo mikononi mwa mtu wa tatu, ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba alipewa ili mali isitwaliwe. Dalili moja inayotajwa wazi ni kupewa bure, au kwa bei iliyo chini sana. Kanisa hupokea bure karibu kila kitu. Kupokea sadaka si kosa, na zawadi peke yake haithibitishi neno lolote. Lakini minibasi iliyoandikwa kwa jina la kanisa huku ikiendeshwa na mtoaji, au nyumba iliyonunuliwa kwa jina la mchungaji na mtu ambaye polisi wanamtafuta, vitawaleta wachunguzi mlangoni, na watauliza kwa haki.

Zakayo hakumpa Bwana Yesu sehemu ya mali ya udhalimu ili wanyamaze pamoja. Aliahidi kuwarudishia wale aliowanyang'anya, mara nne. Mtu akija kwetu na mzigo wa namna hiyo, tumsindikize kwanza kwa aliowaibia au kwa sheria, kabla ya kufikiri juu ya mabati ya hekalu.

Kwa zawadi kubwa, mtunza hazina aandike jina la mtoaji, tarehe, kiasi, njia pesa zilivyofika, na neno la mtoaji mwenyewe juu ya zilikotoka. Daftari litiwe sahihi na wazee wawili, nakala ikae mbali na ofisi ya mchungaji. Nyumba na gari viandikwe kwa jina la chama cha kanisa kinachotambuliwa na serikali, kamwe si kwa jina la mtu. Na kama mtoaji anakataa jina lake liandikwe, wazee wanaweza kumrudishia bahasha yake siku ileile, mbele ya mashahidi wawili.